Harufu Iliyomfukuza Guyo

Wanangu, mnaniuliza miti ya kando ya mto Tana inatoa nini hewani, nami nafurahi mnaponiuliza, lakini msitegemee jibu lililonyooka. Nimefanya kazi hiyo mpaka meno yameanza kuniaga na bado asubuhi nyingine naamka nikijiuliza tulikuwa tunapima nini hasa. Nyinyi mmekuja na mashine inayonusa na kuandika papo hapo. Sisi tulikuwa na mfuko wa nailoni, pampu ya betri, na mirija ya chuma yenye urefu wa kidole cha shahada.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unapanda ngazi mpaka kwenye tawi la mkuyu, katika ule msitu wa kando ya mto karibu na Wenje. Unalivisha tawi mfuko unaopenya mwanga, unaufunga kinywa pole pole, unaunganisha mpira wa kupitishia hewa, na pampu inavuta hewa ya mfukoni kuipitisha ndani ya mrija. Ndani ya mrija mna unga unaonasa kile ambacho jani limetoa. Ukimaliza unaziba mrija pande zote mbili kwa vizibo vya shaba, unaandika namba kwa penseli, na mrija unasafiri hadi maabara Nairobi. Huko wanaupasha moto, unatapika ulichomeza, nao wanasoma.

Nasema penseli. Kalamu ya wino mzito ina harufu yake, na harufu hiyo haijui mpaka. Siku zangu za kwanza niliandika namba kwa kalamu kubwa nyeusi, maandishi mazuri kabisa, na maabara wakauliza kama msituni kwetu kuna kiwanda cha rangi.

Jambo jingine: ukishavisha tawi mfuko, shuka ukakae. Usianze kupima. Jani lililoguswa linalia. Linatoa ile harufu ya majani yaliyofyekwa, na ukipima wakati huo utakuwa umepima maumivu yake, siyo pumzi yake. Nusu saa nzima unakaa chini unatazama juu, na mama wa shamba anapita na jembe begani anakuuliza, "Komora, kazi ni hiyo?" Unasema ndiyo, ni hiyo. "Na mnauza wapi hizo pumzi za miti?" Sikuwahi kupata jibu lililomridhisha mtu yeyote wa Wenje. Mama yangu mzazi alifariki akiamini nilikuwa fundi wa vitanda vya hospitali, kwa sababu ya ile mipira.

Aliyenifundisha yote haya ni Dakta Mwanakombo, mwanamke wa Kipini, mtoto wa mvuvi, mwembamba, mwenye sauti ya kuita mtu wa ng'ambo ya pili. Alisomea kemia mbali, akarudi akisema mito ya watu wengine imepimwa na wetu haujapimwa. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba mkuyu, jua likiwaka, hutoa kitu kiitwacho aisoprini, na kwamba jua likizama huacha, kama mtu aliyefunga duka. "Komora," aliniambia, "hiyo ndiyo mizani yako. Mti haudanganyi. Ukiona giza na bado kuna kitu, basi fahamu anayekwambia si mti."

Maneno haya niliyashika. Ila kushika maneno na kuyatumia ni mambo mawili, kama mtakavyoona.

Mlinzi wetu alikuwa Guyo, Muorma, mtu mzima wa rika langu. Ngazi, pampu na betri vilibaki msituni, na tumbili wa kule ni wezi waliosomea. Walikuwa wanatafuna mipira yetu kana kwamba ni miwa. Guyo alikaa na vifaa mchana kutwa. Hakuwa na haraka na hakuwa na maneno mengi, lakini kila asubuhi kabla sijafika alikuwa ameshatazama vifungo vyote, na akiniona ananyoosha kidole palipo na kasoro. Kwa miaka miwili tulikula pamoja, mimi na samaki wangu, yeye na maziwa yake. Nilimwita ndugu. Naye aliniita "mtu wa mifuko".

Guyo alikuwa na desturi ya kuchoma ubani kidogo asubuhi. Kwao hata vibuyu vya maziwa hufukizwa. Nguo zake zilinukia. Dakta alipogundua alimkalisha akamweleza kwa adabu kwamba moshi ule unaingia kwenye mirija, na Guyo akasema sawa, nitaacha. Akaacha. Niliona mwenyewe kile chetezo chake cha udongo kikikaa kimepoa, mjusi amekifanya kitanda.

Sasa, karibu na wakati huo huo, mimi nilifanya jambo ambalo niliona ni la akili sana. Mirija ilikuwa inasafiri kwenye mkebe wa bati uliokuja nayo kutoka maabara. Mkebe ulikuwa mdogo, mirija inagongana, vizibo vinapigana. Nikaenda kwa fundi seremala wa Garsen, Mgiriama mmoja mwenye mkono mwepesi, nikamwagiza sanduku la kubeba mirija hamsini, kila mmoja na kitundu chake. Akalitengeneza kwa mbao za saiprasi, zile laini nyeupe zinazoshuka kutoka bara, akalipiga randa mpaka likang'aa. Nilitembea nalo mjini Garsen kama mtu aliyebeba Kurani au Biblia. Dakta alipoliona alisema, "Mashallah, Komora, huu ndio ustaarabu." Nikalala na furaha.

Mirija iliyojaa ikaingia sandukuni. Na ile mirija mitupu, ambayo kila safari tunapeleka bila kupima chochote ili maabara wajue kama njiani pameingia uchafu, nikaiacha kwenye mkebe wake wa bati. Sanduku lilikuwa la mirija yenye kazi. Niliona si heshima kujaza vitundu vile vizuri kwa mirija isiyo na kitu.

Kosa la pili ni spana. Vizibo vya shaba hukazwa kwa spana mbili ndogo: moja inashika, nyingine inazungusha robo mzunguko zaidi baada ya vidole kuishia. Siku moja tukivuka mto kwa mtumbwi spana moja iliteleza ikazama. Niliona aibu kusema. Nikawa nakaza kwa vidole, navikaza kweli kweli mpaka ngozi inabaki na alama, nikajiambia vidole vya mkulima ni spana tosha. Vijana, hakuna vidole vilivyo spana tosha.

Majibu yakaanza kuja na kitu kigeni. Aisoprini ilikuwepo kama kawaida, lakini kando yake kulikuwa na painini, nyingi, kila tawi, kila siku. Dakta alinionyesha kwenye karatasi, mlima mmoja mrefu mahali ambapo pangekuwa tambarare. Nikauliza painini ni nini.

"Ni harufu ya utomvu," akasema. "Ndiyo iliyojaa kwenye ubani."

Sote wawili tukamtazama Guyo, aliyekuwa mbali kidogo akifukuza tumbili kwa tawi.

Dakta alimwita. Alimuuliza kwa upole mara ya kwanza. Guyo akasema niliacha. Mwezi uliofuata painini ikazidi, akaulizwa tena, akajibu vile vile. Ilipofika mara ya tatu haikuwa faragha tena. Tulikuwa kwenye banda letu la vifaa, wapo wafanyakazi wengine, na siku hiyo walikuwepo wazee wawili wa ukoo wa Guyo waliopita kumsalimia. Dakta alikuwa na karatasi mkononi na macho mekundu, maana wakubwa wa Nairobi walikuwa wamemwambia kazi ya miezi yote hiyo ni takataka.

"Guyo, wachoma ubani?"

"Sichomi."

"Nani mwingine hapa ana ubani?"

"Mimi sijui. Mimi sichomi."

Ndipo akanigeukia mimi. "Komora, mirija mitupu husafiri pamoja na iliyojaa?"

Nikasema, "Ndiyo, Dakta. Pamoja."

Ilikuwa kweli, mnaona. Ilisafiri gari moja, kiti kimoja, mkebe juu ya sanduku. Swali halikuwa limeniingia. Au pengine liliniingia kidogo, mlango wa nyuma, nikaufunga. Nimejichunguza miaka mingi na kila nikifika hapo naona ukungu.

"Basi sikizeni," Dakta akasema. "Mirija mitupu ni safi. Iliyojaa ni michafu. Yote hukaa pamoja, yote hupita njia moja. Uchafu waingilia hapa, chini ya mti, na chini ya mti ni Guyo. Guyo, wanidanganya mbele ya watu."

Guyo hakupandisha sauti. Alivua ufunguo wa sanduku la betri shingoni, akauweka mezani, akachukua fimbo yake. Wale wazee wawili waliinuka pamoja naye. Mmoja alinitazama, mimi, siyo Dakta, na sikujua kwa nini ananitazama mimi.

Nilimwonea huruma Guyo, lakini nawaambia ukweli: nilimwonea huruma kama mtu anavyomwonea mwongo aliyekamatwa. Niliamini karatasi. Nilikuwa nimekiona kile chetezo kikiwa kitanda cha mjusi na bado niliamini karatasi.

Mwezi uliofuata Guyo hayupo. Painini ipo.

Dakta alinipigia simu akasoma majibu mara mbili. "Komora, nani anachoma ubani sasa?" Nikamwambia hakuna, mlinzi mpya ni wa kanisani kwetu, hata sigara havuti. Akasema pengine udongo umeshika ule moshi. Tukahamia mkuyu mwingine, mbali. Painini ipo. Nairobi nao wakageuka: wale waliosema takataka sasa wakasema pengine mkuyu wa Tana ni wa aina yake, hutoa kitu ambacho mikuyu mingine haitoi, na hilo litaandikwa na dunia nzima isome. Nilianza kuota nikisimama mbele ya watu wenye tai. Dakta hakuota. Alikuja mwenyewe kutoka Kipini, akapanda ngazi kwa buibui lake, akafunika mfuko kwa kitambaa cheusi.

Majibu yalikuja: gizani aisoprini iliisha, kama anavyosema siku zote. Painini haikusogea hata kidogo.

Akanituma nifunge mfuko mtupu, bila tawi, juu ya fito. Nikafunga. Nikapima. Majibu yakaja, akanipigia, na nilisikia anacheka ila si kicheko cha furaha. "Komora, mfuko mtupu wanitolea utomvu. Kwani mfuko una mizizi?"

Kichwa changu kilikuwa kama mto wa Mei, maji mengi na huoni chini. Nilianza kujinusa. Niliacha sabuni, nikaoga kwa maji matupu, mke wangu akalalamika. Niliacha mafuta ya nazi kichwani. Nilimshuku mlinzi mpya, nikamshuku dereva wa pikapu, nikaishuku hata pampu. Kila kitu nilikishuku isipokuwa kile nilichokipenda.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali, Garsen, pale magari yanaposimama. Gari la Nairobi lilichelewa saa nyingi na mimi nimekaa ukingoni mwa barabara, sanduku miguuni, limepigwa na jua tangu asubuhi. Nikalifungua kuhesabu mirija. Harufu ikanipanda puani, tamu, ya mbichi, ya moto. Kwa muda nikafikiri nimesimama kwenye karakana ya yule seremala, miguu yangu imo kwenye maranda. Niliinua kichwa nimtafute. Hayupo. Nilikuwa nimeinamia sanduku langu.

Nilifunga kifuniko. Nikafungua tena. Nikaingiza pua ndani kabisa, watu wakinitazama, mwanamke mmoja wa chai akaniuliza, "Mzee, umepoteza kitu?"

Saiprasi ule ulikatwa bara, ukapasuliwa, ukapigwa misumari, na ulikuwa bado unapumua. Ulikuwa unapumulia mirija yangu, iliyofungwa kwa vidole.

Mngetarajia nimpigie Dakta saa ile ile. Sikupiga. Nilijiambia kwanza nihakikishe, na kuhakikisha ni jambo jema, lakini najua pia nilikuwa natafuta siku za kupumua mimi. Nilichukua mirija sita ambayo haijawahi kuona mti. Mitatu nikaikaza kwa vidole nikaiweka sandukuni, mitatu nikaiacha kwenye mkebe kama ilivyotoka maabara. Juma zima. Kisha nikaituma na namba tu, bila maelezo.

Wiki tatu nilingoja. Nililima, nikavua, nikaenda kanisani nikaimba sauti isiyo yangu. Kila nikimwona Muorma barabarani nilivuka upande wa pili nikidhani ni Guyo.

Dakta alipiga adhuhuri. "Mitatu yako imejaa painini, mitatu ni safi. Ulikuwa wafanya nini, Komora?"

Nikamwambia. Sanduku, mkebe, spana iliyoko chini ya mto, na lile neno "pamoja". Niliyasema yote bila kuvuta pumzi. Nilipomaliza nikasikia kuku wa kwao Kipini kwenye simu.

"Sanduku nililiona," akasema mwishowe. "Nikalisifu. Mimi ndimi mwenye kemia, wewe si mwenye kemia. Na mtu aliniambia kweli mara tatu." Kisha akasema, "Yuko wapi?"

Kiangazi kilikuwa kimeingia na Waorma walikuwa wameteremsha ng'ombe hadi delta, kule mto unapokaribia bahari. Nilitangulia peke yangu, bodaboda hadi Idsowe, kisha kwa miguu nikipita kando ya mashamba ya mpunga, nikiuliza kila mchungaji. Nilimpata Guyo kwenye kivuli cha miti ya mikoma, amekonda. Nilianza maelezo ya mbao na mirija. Akanisimamisha kwa mkono.

"Wewe hukuniita mwongo," akasema. "Wewe ulinyamaza. Hilo tutaongea siku nyingine. Aliyeniita mwongo aliniita mbele ya wazee. Aje aseme mbele ya wazee."

Nilirudi na maneno hayo nikidhani Dakta atakasirika. Alikuwa ameshavaa viatu. Alikuwa ameandikia Nairobi tayari, akafuta ule mkuyu wao wa ajabu na miezi yote ya majibu, na kwa barua hiyo alijua wangempunguzia heshima, na kweli walimpunguzia. Mradi uliofuata alipewa mwingine.

Tulifika siku mbili baadaye. Wazee wale wawili walikuwepo, na wengine kama kumi. Wengi wao Kiswahili chao ni cha sokoni tu, basi mmoja akataka maneno ya Dakta yasemwe kwa Kiorma. Wakanitazama mimi. Kiorma changu ni cha kuombea maziwa na kuuliza njia.

Dakta alisimama akaongea. Aliongea vizuri, kwa muda mrefu, kama msomi anavyotubu: jinsi kipimo kinavyofanyika, jinsi mirija mitupu inavyotakiwa kulinda ukweli, jinsi utomvu wa ubao na wa ubani ulivyo kitu kimoja mbele ya mashine, na kwamba yeye alikimbilia karatasi akamwacha mtu. Akamaliza, akaniashiria.

Nilitafuta kichwani Kiorma cha mrija, nikakosa. Cha mbao nilikuwa nacho. Cha kizibo, hapana. Watu wanangoja, ng'ombe wanapumua. Nikasema yale niliyoweza, kwa lafudhi mbaya: Guyo alisema kweli. Huyu mama alikosea. Mimi nilikosea zaidi, na nilikuwepo, na sikusema.

Dakta alininong'oneza, "Mbona yangu yalikuwa mengi na yako machache?"

"Mengine yalikuwa ya mirija, Dakta."

Guyo, ambaye Kiswahili anakijua kuliko baadhi ya waliozaliwa nacho, alikuwa amesikia ya kwanza na ya pili. Aliwatazama wazee wake. Mkubwa wao akainamisha kichwa mara moja. "Yamefika," Guyo akasema. "Yako pia yamefika, mama. Ila yalizunguka." Akaagiza maziwa. Yaliletwa kwenye kibuyu kilichofukizwa, na Dakta akanywa kwanza, akanipa.

Wakati wa kuondoka nilimuuliza kama atarudi msituni, maana tulikuwa tunaanza upya kila kitu na tumbili hawajapungua. Alitazama ng'ombe wake waliokuwa wameinama majini kwa mstari, akafikiri sana, kwa heshima, kama mtu asiyetaka kukataa haraka.

"Hawa," akasema, "hawajawahi kuniuliza asubuhi nimechoma nini."